Wasomaji Wanauliza: Wayahudi wa Afrika Kusini walikuwa upande wa nani?

SWALI: Dada habari za kazi. Juzi kijiweni tumebishana mpaka watu wakataka kushikana mashati. Mmoja anasema Wayahudi wa Afrika Kusini ndio waliosimama na Mandela wakati wazungu wengine wamekaa kimya, mwingine anasema wapi, hao ndio walikuwa na migodi na viwanda na waliula ubaguzi kama makaburu tu. Tuamulie basi maana hili bishano halijaisha. Msomaji wako, Tanga.

JIBU: Kaka yangu, poleni na mabishano. Ushindi sitampa mtu ila nitawapeleka wote wawili kwenye chumba kimoja, halafu mtajionea wenyewe. Chumba chenyewe ni mahakama ya Pretoria, kesi ya Rivonia, ile ya Mandela na wenzake kushtakiwa kwa hujuma dhidi ya serikali, iliyoanza mwishoni mwa 1963 ikaisha Juni 1964. Kizimbani yupo Mandela, yupo Sisulu, yupo Govan Mbeki na wenzao, na katikati yao wapo Wayahudi: Denis Goldberg, Lionel Bernstein, na wakili James Kantor ambaye aliachiwa kabla kesi haijafika mwisho. Ukigeuka upande wa mawakili wa utetezi unamkuta Joel Joffe na kijana mmoja mtulivu sana anaitwa Arthur Chaskalson, nao Wayahudi. Sasa geuka upande wa serikali umwone mwendesha mashtaka, yule aliyekuwa anawakamia wafungwe kwa nguvu zake zote. Anaitwa Percy Yutar. Myahudi na yeye, tena mtu wa sinagogi kabisa.

Mnaona? Wote hao ukoo wao ni mmoja, dini ya wazee wao ni moja, na kila mtu kachagua kiti chake. Ndiyo maana mtu akianza na "Wayahudi walikuwa" mi namwuliza kwanza, yupi?

Nianze na Goldberg maana huwa nikimfikiria naumia. Alikuwa injinia, miaka 31, mdogo kuliko wenzake wote waliofungwa siku ile. Jaji aliposoma hukumu mama yake Denis alikuwa ukumbini hakusikia vizuri, akauliza wamepewa nini, mtoto akamjibu kwa tabasamu kwamba ni maisha, na maisha ni mazuri! Walikuwa wanategemea kunyongwa ndo maana kifungo cha maisha kwao kilikuwa habari njema. Wenzake saba wakapelekwa Robben Island lakini yeye hapana, akabakizwa Pretoria, kwa sababu hata jela zilikuwa na ubaguzi wa rangi na yeye kwenye makaratasi ni mzungu. Kwa hiyo watu aliokubali kufa nao hakuruhusiwa hata kufungwa nao. Akakaa miaka 22.

Na lile shamba la Liliesleaf lililovamiwa na polisi Julai 1963 na kuzaa kesi yote hiyo, aliyekuwa anaishi pale kama mwenye nyumba ni mchoraji wa Kiyahudi, Arthur Goldreich, na mkewe na watoto, yaani familia ya wazungu ya kawaida machoni pa majirani, kumbe Mandela alijificha humo humo kwa jina la David Motsamayi akijifanya kibarua wa nyumbani. Goldreich alikamatwa lakini mwezi uliofuata yeye na wakili Harold Wolpe na wenzao wawili wenye asili ya Kihindi walimhonga askari kijana wakatoroka rumande, na hao wawili Goldreich na Wolpe wakavaa kama mapadri wakavuka Swaziland, wakaingia Bechuanaland, yaani Botswana ya leo, na mwisho wa safari wakatua wapi? Dar es Salaam.

Sasa nirudi kwa yule mwenzenu wa pili maana na yeye ana hoja na sitaki aonewe. Sheria za Afrika Kusini ziliwahesabu Wayahudi ni wazungu. Kura walipiga, shule nzuri walisoma, mitaa mizuri walikaa, na pasi, kile kibali cha kutembea alichokuwa anabeba Mwafrika mfukoni, wao hawakuijua. Matajiri walikuwepo, tena tangu zamani, kama Sammy Marks aliyefika 1868 akaanza kwa kutembeza bidhaa vijijini akaishia kuwa na migodi na viwanda na urafiki na Rais Kruger mwenyewe. Na ile bodi iliyokuwa inasemea jumuiya yao mbele ya serikali ilikwepa siasa miaka mingi, ikisema kila Myahudi aamue kivyake, mpaka ikaja kuulaani ubaguzi waziwazi mwaka 1985. 1985! Mandela ana zaidi ya miaka ishirini gerezani! Hilo mi sitalipamba, walichelewa na baadhi yao wenyewe wamelisema.

Lakini hofu yao nayo ilikuwa na chimbuko. Wengi wazee wao walitoka Lithuania, walikimbia umaskini na kuonewa chini ya mfalme wa Urusi, na huku walikokimbilia nako hawakupokelewa kwa mikono miwili. Mwaka 1930 ilitungwa sheria ya kuwabana wasiingie tena kutoka Ulaya Mashariki, na waziri aliyeileta ni Daniel Malan, huyo huyo aliyekuja kuwa waziri mkuu 1948 na kusimika ubaguzi rasmi. 1936 ikaja meli ya Stuttgart na wakimbizi 537 wanaomkimbia Hitler, watu wakaandamana Cape Town kuwapinga, na mmoja wa maprofesa waliokwenda serikalini kulalamika alikuwa Verwoerd. Huyo ndiye aliyekuja kuwa waziri mkuu na kuukaza ubaguzi. Kwa hiyo waliokuja kumkanyaga Mwafrika ndio wale wale waliotaka kumfungia mlango Myahudi, na mbele ya hilo kuna Myahudi aliyesema basi ninyamaze nisije nikageukiwa mimi, na kuna aliyesema kama ni hivyo adui yetu ni mmoja. Mandela mwenyewe kwenye kitabu cha maisha yake anakumbuka kwamba akiwa kijana anatafuta kazi Johannesburg, Sisulu alimpeleka kwa wakili Myahudi Lazar Sidelsky akamwajiri kama karani, wakati ambao ofisi ya kizungu kumpa Mwafrika nafasi ile ilikuwa kitu adimu, na akaandika kwamba Wayahudi aliwaona wana upana zaidi kwenye mambo ya rangi pengine kwa sababu na wao walishabaguliwa.

Ila kama mngeniambia nichague watu wawili tu wa kuwapelekea kijiweni kwenu ningechagua wanawake wawili, na sheria moja iliyowaunganisha. Mei 1963 serikali ilipeleka bungeni muswada wa kumweka mtu ndani siku 90 bila mashtaka, bila wakili, bila chochote. Bunge zima la wazungu, mpaka chama kikuu cha upinzani, likaukubali. Mtu mmoja akasimama kuukataa, Helen Suzman, mbunge wa Houghton, binti wa wahamiaji Wayahudi kutoka Lithuania. Huyu mama alikaa bungeni miaka 36, na kati ya hiyo miaka 13, kuanzia 1961 mpaka 1974, alikuwa mbunge peke yake wa chama chake, anazomewa, anatukanwa kwa uyahudi wake, na kila kikao anauliza maswali: wangapi mmewakamata, wangapi mmewachapa, wangapi mmewahamisha kwa nguvu. Waziri mmoja akamwambia maswali yako yanaiaibisha nchi, akamjibu kinachoaibisha sio maswali yangu ni majibu yenu. Mwaka 1967 akaenda mwenyewe Robben Island akapita selo kwa selo kuwasikiliza wafungwa.

Sasa ile sheria ikapita na Agosti mwaka ule ule ikammeza mwanamke mwingine Myahudi, Ruth First, mwandishi wa habari, mkomunisti. Wakamweka peke yake siku 90, siku ya kutoka hata hajafika nyumbani wakamkamata tena, zikafika 117. Mume wake alikuwa Joe Slovo, aliyezaliwa Lithuania akaletwa akiwa mtoto, akawa kati ya viongozi wakubwa wa Umkhonto we Sizwe, jeshi la ANC, chama cha Mandela. Ruth baadae akaenda Maputo kufundisha Chuo Kikuu cha Eduardo Mondlane, na tarehe 17 Agosti 1982 akafungua barua iliyotegwa bomu ofisini kwake. Akafa pale pale. Angalieni jina la chuo jamani. Mondlane mwenyewe aliuawa Dar es Salaam 1969 kwa kifurushi chenye bomu. Slovo aliishi kuona uhuru, akawa waziri wa nyumba wa Mandela, akafariki Januari 1995 kwa kansa, na kaburi lake liko Soweto kwenye makaburi ya Avalon pamoja na watu aliopigana nao.

Na yule wakili mtulivu wa Rivonia? Chaskalson ndiye aliyekuja kuwa rais wa kwanza wa Mahakama ya Katiba, na Juni 1995 mahakama hiyo ikafuta adhabu ya kifo nchi nzima, ile adhabu aliyokaa miezi anaomba isiwaangukie kina Mandela. Kwenye benchi hiyo hiyo alikaa Albie Sachs, ambaye na yeye alitegewa bomu kwenye gari Maputo 1988, akapoteza mkono wa kulia na jicho moja. Yutar naye Mandela alimwalika chakula cha mchana 1995, wakakaa meza moja. Mi bado nashindwa kuelewa moyo wa mzee Mandela ulikuwa umeumbwaje.

SWALI: Anti, mimi ni mpenzi wa muziki wa zamani. Mtu kaniambia Johnny Clegg yule Mzulu mweupe alikuwa Myahudi, ni kweli au stori za mtaani? Na kuna wengine kwenye sanaa?

JIBU: Kweli mpenzi. Alizaliwa Uingereza 1953, mama yake akiwa Myahudi wa Zimbabwe ya zamani, mwimbaji wa jazi, akakulia Zimbabwe, Zambia na Afrika Kusini. Mambo ya dini hakuyafuata sana lakini asili yake ndiyo hiyo na hakuificha. Akiwa kijana mdogo Johannesburg alimsikia Charlie Mzila, mfagiaji wa majengo, anapiga gitaa la Kizulu barabarani, akamfuata amfundishe, na mwalimu akawa anampeleka kwenye hosteli za wafanyakazi Waafrika ambako mzungu haruhusiwi, polisi wanamkamata, anatoka anarudi. Baadae akakutana na Sipho Mchunu wakaunda bendi ya Juluka, maana yake jasho, kisha ikaja Savuka, tumeamka. Redio ya serikali haikutaka kuwapiga kwa sababu nyimbo zao zilichanganya lugha na bendi ilichanganya rangi.

Sikiliza kile kibwagizo cha Asimbonanga cha 1987. Sisi Waswahili hatuhitaji mkalimani wa mbali, ondoa ile "b" na unaisikia "ona" humo ndani kabisa: hatujamwona. Hatujamwona Mandela. Picha yake ilikuwa marufuku, watoto walikua hawajui sura yake, na huyu anaimba hadharani kwa jina lake, anamtaja na Steve Biko na Victoria Mxenge na Neil Aggett, wote waliouawa au kufia mikononi mwa polisi. Mwaka 1999 akiwa anaupiga Frankfurt akasikia watu wanapiga kelele za ajabu, kugeuka nyuma, Mandela kaingia stejini anacheza taratibu. Kama hujawahi kuiona ile video itafute leo, mimi machozi hunitoka kila mara.

Wengine wapo wengi. Nadine Gordimer wa mji wa Springs, baba yake fundi saa kutoka Lithuania, vitabu vyake kadhaa vilipigwa marufuku na 1991 akapewa Nobel ya fasihi. David Goldblatt alipiga picha za nchi ile miaka zaidi ya sitini bila kelele, na 1989 akaanzisha shule ya picha Johannesburg ambayo vijana weusi wengi wamepitia. Barney Simon alikuwa mmoja wa waliofungua Market Theatre, ukumbi wa maigizo wa Johannesburg, Juni 1976, siku chache tu baada ya watoto wa Soweto kupigwa risasi, na pale weusi na weupe walikaa viti vya pamoja. William Kentridge anachora kwa mkaa, anafuta, anachora tena juu ya alama za zamani mpaka picha inatembea, na baba yake Sydney ndiye wakili aliyewabana polisi kwa maswali kwenye uchunguzi wa kifo cha Biko.

SWALI: Shikamoo mama. Mwalimu wetu wa historia alitutajia Phillip Tobias kwenye mambo ya Olduvai. Na yeye yumo kwenye hao? Mwanafunzi, Arusha.

JIBU: Marahaba mwanangu. Yumo, mzaliwa wa Durban 1925, Myahudi, profesa wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand. Lile fuvu la Zinjanthropus alilolipata Mary Leakey Olduvai 1959 alipewa yeye alichunguze, na mwaka 1964 yeye na Louis Leakey na John Napier ndio waliompa binadamu mwingine wa kale wa Olduvai jina la Homo habilis. Wakati makaburu wanadai kila rangi iliumbwa kivyake, yeye alikuwa anafundisha kwamba kisayansi madai hayo hayana msingi. Tangu mwanafunzi aliongoza wenzake kupinga vyuo visigawanywe kwa rangi, na Biko alipokufa alikuwa kati ya madaktari walioenda mahakamani kudai wale madaktari waliomtelekeza wachunguzwe. Fuvu lenyewe linatunzwa Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, kwa hiyo mkipanga safari ya shule mwambie mwalimu wenu.