Pesa ni za Kituo, Kalamu ni ya Nani?

Swali: Tumeambiwa makusanyo yetu yote ya mwezi yaingie kwenye akaunti ya mapato ya kaunti, halafu "tutarudishiwa". Je, sheria inasema hivyo? – *Msimamizi wa kituo cha afya*

Jibu: Baada ya ugatuzi wa 2013, kaunti nyingi zilifanya hivyo, nazo zilikuwa na pa kujishikiza. Kifungu cha 207 cha Katiba ya Kenya kinataka mapato ya kaunti yaingie kwenye Mfuko wa Mapato wa Kaunti, isipokuwa pesa ambazo Bunge limezitenga kwa sheria. Utengaji huo ulikuja na sheria ya ufadhili wa uboreshaji wa vituo, ile inayofahamika kama FIF, ya mwaka 2023. Kwa sheria hiyo, mnachokusanya kinabaki kwenu, tena kama nyongeza ya bajeti inayopitishwa na bunge la kaunti. Kwa hiyo si halali pia kuwapunguzia mgao kwa kisingizio kwamba "siku hizi mna pesa zenu".

Lakini kubaki na pesa si kuchota kwenye droo. Hapo ndipo vituo vingi hunaswa. Mgonjwa akilipa 300 asubuhi, na saa sita mkanunulia dawa ya kuoshea sakafu kwa noti hizo hizo, kitabu cha fedha hakitalingana kamwe na taarifa ya benki, hata kama hakuna aliyeiba. Andika risiti, peleka zote benki zilivyo, kisha ndiyo ulipe kwa vocha ya malipo. Akaunti yenyewe ifunguliwe kwa idhini ya hazina ya kaunti, na ulinganisho wa benki wa kila mwezi uwe umefika huko kufikia tarehe 10 ya mwezi unaofuata.

Swali: Kamati yetu ilipitisha ununuzi wa dawa, na muhtasari umetiwa sahihi. Mhasibu anagoma kulipa, ati hakuna AIE. Kamati si ndiyo yenye mamlaka? – *Katibu wa kamati ya zahanati*

Jibu: Mhasibu yuko sawa, ingawa angeweza kuwaeleza vizuri zaidi. Kamati hupitisha mpango. Idhini ya kutumia fedha, yaani AIE, hutoka kwa Afisa Mkuu wa Afya wa kaunti, ambaye ndiye atakayeulizwa na Mkaguzi Mkuu. Hati hiyo hutaja kasma (fungu la matumizi), kiasi na kipindi. Nje ya hapo, sahihi zenu kumi hazina nguvu.

Tuseme muhtasari unasema dawa za 180,000, lakini AIE ina 120,000 kwenye dawa na 60,000 kwenye matengenezo. Jumla ni ile ile, na bado hamwezi kulipia dawa za 180,000. Agizeni za 120,000, na mmwandikie Afisa Mkuu mkiomba kuhamisha zilizobaki. Naye ana mipaka katika kifungu cha 154 cha Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma: uhamisho wote wa mwaka usizidi asilimia 10 ya matumizi yaliyoidhinishwa kwa programu husika, pesa za mishahara zisiende kwa matumizi mengine, na za maendeleo zisigeuzwe kuwa za kawaida.

Kosa baya kuliko yote ni kuagiza kwanza na kutafuta AIE baadaye. Dawa zinafika, S13, yaani hati ya kupokea bidhaa, inaandikwa, na mwuzaji anaanza kudai deni ambalo halimo kwenye bajeti ya mtu yeyote. Madeni mengi ya vituo huzaliwa hivyo.

Swali: Muuguzi wetu alichukua masurufu ya 24,000 kwa chanjo ya nyanjani. Mwezi umepita hajarejesha hesabu. Anaweza kupewa mengine? – *Mhasibu*

Jibu: La. Alikuwa na siku 7 za kazi tangu aliporudi kituoni. Zikipita, kiasi hicho hukatwa kwenye mshahara wake pamoja na riba, na hapewi masurufu mapya kabla ya kumaliza ya kwanza. Mwambie alete risiti za mafuta, karatasi ya posho, na stakabadhi ya salio alilorudisha. Karatasi ya posho iangalie kwa makini: majina manane yenye mwandiko mmoja na kalamu moja ni hoja ya ukaguzi tayari, hata kama wote walilipwa.