Nashona kwa raha zangu, mume ataka iwe biashara

SWALI: Asalamu alaikum, shangazi. Nimeolewa mwaka jana, na tunakaa hapa Amu (Lamu) kwenye ghorofa ya juu ya nyumba ya wazee wangu. Mimi nafundisha chekechea. Mume wangu ana mashua. Huvusha watu Shela na kutembeza wageni. Zawadi yake kwangu ya harusi ilikuwa cherehani ya kukanyaga. Tangu hapo, nikirudi kazini na nikishaswali alasiri, nakaa nayo. Nashona magauni yangu, nguo za watoto wa dada, mapazia. Nikikata kitambaa mkekani mume wangu hunishikia ncha, na uzi ukinishinda kuingia sindanoni hunitilia yeye. Saa hizo twazungumza mengi.

Sasa habari imeenea. Jirani aja na doti ya leso (kanga), mama mdogo aja na kitambaa cha sare ya harusi, na kila mmoja asema, "Nishonee tu, si unayo cherehani?" Kuelekea Idi nimeshona vya watu mpaka mgongo ukaniuma, na gauni langu likabaki halina mikono. Mume wangu asema kama ni hivyo nifungue duka nilipwe, kwa kuwa upepo wa Kusi ukianza wageni hupungua na mashua hukaa. Mimi duka silitaki. Tumeanza kununiana. Je, nina choyo? Tena mama, aliye chini yetu, alalamika cherehani yamvumia kichwani usiku.
Mwenye Cherehani, Langoni

JIBU: Waalaikumu salamu, mwanangu. Choyo huna. Mimi nimekula kwa sindano karibu umri wangu wote, kwa hivyo nitakwambia kazi hii ilivyo kwa ndani, kisha uone kama waitaka.

Fundi hachagui kitambaa. Aletewa shifoni inayoteleza mkononi, naye apendelea pamba, ataikata shifoni. Mteja apimwa leo, aja wiki ijayo amenenepa na kusema umembana. Usiku wa kungoja mwezi uandame, ngazi yangu ilikuwa imejaa watu wamekaa, huyu angoja vifungo, yule angoja upindo, na kuna mwingine amebadilisha nia, shingo ya duara sasa aitaka ya pembe, na nguo imeshakatwa. Wanangu waliamka Idi wakavaa vya mwaka uliopita. Kazi hiyo imewalipia karo, na naiheshimu kwa moyo wote. Lakini ni kazi yenye mwenyewe anayekungoja mlangoni. Ile saa yako ya alasiri, na mumeo ameshika ncha ya kitambaa, haitakuwapo tena ukibandika bei mlangoni. Hilo ndilo ningemwambia yeye kwanza, kwa sababu naona kwenye barua yako hata yeye aipenda saa hiyo. Huenda hajafikiri kwamba ndiyo itakayouzwa.

Usimnunie, lakini. Hofu yake ni ya kweli. Mwenye mashua Amu huhesabu mwaka kwa pepo: Kaskazi ikivuma, kuanzia Desemba hadi Machi, wageni wapo na bahari imetulia, Kusi ikishika, na mvua za Aprili na Mei juu yake, bahari huchafuka na mfuko hukauka. Kijana aliyeoa juzi akiyaona hayo yaja lazima atazame kila kitu cha nyumbani ajiulize kitaleta nini. Kaeni basi, msingoje hasira, mhesabu: chakula, maji, stima, mchango wa chama, mafuta ya injini. Sheria yetu waijua, matumizi ya nyumba ni juu ya mume na pesa ya mke ni yake. Ukitoa, umetoa kwa mapenzi. Mshahara wako wa chekechea najua unasaidia, na yeye alijue hilo kwa hesabu, asilidhanie tu. Na miezi ya Kaskazi ijayo kiwekwe kitu pembeni kila wiki, kwa jina la Kusi.

Yeye pia ana mikono. Wanaume wa Amu wameshona kofia tangu hatujazaliwa, wamekaa kwenye daka au baraza, sindano ya mkono na kitambaa cheupe, hadithi zaendelea. Kofia nzuri ya vito, iliyodariziwa kwa mkono, yachukua miezi, na ikiwa safi haitupwi bei. Ikiwa anajua, Kusi ndiyo msimu wake. Ikiwa hajui, mtu aliye na macho ya kutia uzi mara moja hatashindwa kujifunza, na wazee wa kumfundisha wapo mtaani.

Siku moja ukitaka wewe mwenyewe pesa ya sindano, mwanangu, uza kilichokwisha kushonwa. Hii ni tofauti kubwa na watu wengi hawaioni. Dera halitaki vipimo vikali. Wachagua kitambaa ukipendacho, washona ukiwa na nafasi, ukimaliza unalitundika; atakayelipenda alinunue lilivyo. Hakuna wa kukungoja kwenye ngazi wala wa kukubadilishia shingo. Ukiuza moja kwa mwezi sawa, usipouza utalivaa. Mwambie mumeo hivyo, naamini mtaelewana katikati.

Kwa hao wa "nishonee tu", jibu liwe moja kwa wote, na ulitoe kabla kitambaa hakijashuka mkononi mwako, kwani kikishalala kwako usiku mmoja umeshakubali. Sema, "Mimi nashona vya nyumbani tu, mpelekee fundi." Na umtaje fundi. Wale wanaokaa na cherehani zao vichochoroni wanalisha watoto kwa hivyo vitambaa, na kila gauni unaloshona bure limetoka mezani kwa mmoja wao. Mimi jambo hili linaniuma sana. Mama mdogo ni mtu wa heshima, huwezi kumrudisha mikono mitupu. Mpigie upindo wa leso zake, kazi ya muda mfupi, akuombee dua aende zake. Sare za harusi usiguse. Sare ya watu kumi ni magomvi kumi.

Sasa mama yako. Nyumba zetu za mawe zina dari za boriti, na boriti ikikanyagiwa juu hupeleka mtikisiko mpaka ukutani. Nadhani cherehani umeiweka chumba cha ndani, katikati, mahali boriti hulegea zaidi. Isogeze msanani, kile chumba kirefu cha mbele, ubavuni mwa ukuta, upande unaotazama kiwanda, yaani ua wa ndani. Vyumba vyetu ni vyembamba kwa sababu boriti haziruki upana mkubwa, hivyo ukiiweka katikati hata njia ya kupita hupati; msanani utapata na mwanga wa kiwanda, ambao kwa kitambaa cheusi ni bora kuliko taa. Chini ya miguu ya cherehani kunja mkeka wa zamani mara nne. Kisha ipe mafuta. Hewa yetu ya chumvi hula chuma, na cherehani kavu hupiga kelele. Mafuta yawe yale meupe ya cherehani, tone moja kila tundu, halafu kanyaga juu ya kitambaa kibovu mpaka yaache kutoka. Mafuta ya nazi usitie hata ukishauriwa, hugandia ndani. Ikishapigwa isha, ifunike. Mama aliyekupa ghorofa nzima anastahili usingizi wake.

Na hilo gauni lisilo na mikono, limalize wiki hii kabla hujagusa kingine.

SWALI: Shangazi, mke wangu anajifunza kushona. Amenishonea shati la leso, nimelivaa kwa furaha, lakini lilipofuliwa limerudi, halifungiki kifuani, na yale maneno ya leso yamekaa kichwa chini mgongoni. Nataka kumwambia bila kumvunja moyo. Nimwambieje?
Mume wa Malindi

JIBU: Mwambie habari za kitambaa, mwanangu, mikono yake usiitaje. Leso mpya ina wanga na haijawahi kuona maji. Lazima ilowekwe usiku kucha, ianikwe, ipigwe pasi, ndipo mkasi uguse. Pamba ikishonwa kabla ya kurudi, itarudia mwilini mwako. Pili, leso ina juu na chini. Jina lake, yaani hayo maneno, huandikwa mara moja tu, chini ya mji (sehemu ya katikati) karibu na pindo ndefu, na kila kipande cha shati lazima kikatwe kichwa kikitazama upande mmoja. Leso moja ina takribani sentimita 150 kwa 110, na doti ni leso mbili, kwa hivyo atoe mgongo kwenye moja na vifua kwenye nyingine. Mikono itatosha pembeni. Kabla ya kushona apige bandi, mishono mirefu ya kushikiza, kwa mkono, akuvalishe, ndipo akanyage.

Nenda sokoni ununue doti nyingine, uchague jina unalotaka lisomwe mgongoni kwako, na pakiti ya sindano namba 14. Namba 11 ni za shifoni, zitavunjika. Mpelekee, iloweke mwenyewe usiku huo, na asubuhi muanike pamoja.