Msomaji Anauliza: Mbwa kafa sehemu ya 4, sehemu ya 21 anabweka

Huku Mbeya baridi ya Juni imeshika, saa moja jioni watu wameshajifungia ndani na chai na kitabu, nadhani ndo maana maswali ya stori za upelelezi yamekuwa mengi. Nimechukua matatu.

*SWALI: Habari za kazi mhariri. Niko Mafinga, nasoma vitabu vya Sherlock Holmes kwa mfuatano tangu cha kwanza. Cha kwanza Dakta Watson, yule rafiki wa Holmes anayesimulia, anasema alipigwa risasi begani huko Afghanistan, cha pili anauguza mguu. Nimerudia kusoma mara tatu. Mume wangu anasema nasoma kama mkaguzi wa hesabu, eti nifurahie stori niachane na vitu vidogo. Nimekosea mimi au mwandishi?*

Umeona sawasawa dada yangu, na shemeji naye mwambie taratibu tu kwamba hicho sio kitu kidogo. Kitabu cha kwanza kilitoka 1887, Watson anaeleza mwenyewe kwamba risasi ilimpata begani kwenye vita ya Maiwand, ambayo ni vita ya kweli ilipiganwa Julai 1880. Cha pili kikatoka 1890, na humo yuko kwenye kiti anaupapasa mguu, anasema risasi ilipita hapo na unamuuma kila hali ya hewa ikibadilika. Halafu kuna hadithi fupi moja ya baadaye inaitaja ile risasi kwamba iko kwenye kiungo kimojawapo, basi, hasemi ni mkono au mguu, na mimi nikiisoma naona kabisa mwandishi alishashtuka hapo akawa anapita pembeni.

Sasa wengi hawaangalii hapa. Rudi kwenye ule ukurasa ambao Holmes na Watson wanakutana mara ya kwanza, Holmes anampa mkono anamwambia naona umetoka Afghanistan. Alijuaje? Baadaye anaeleza, aliona ngozi ya uso imeungua jua lakini vifundo vya mikono, pale karibu na kiganja, ni vyeupe, uso umechoka kwa maradhi, na mkono wa kushoto umekakamaa kama wa mtu aliyeumia. Mkono! Yaani lile jicho la Holmes linalosifiwa dunia nzima lilianza kazi kwenye jeraha lile lile ambalo mwandishi wake alikuja kulihamishia mguuni. Ndo maana nasema sio dogo. Kwenye stori ya mapenzi gauni likibadilika rangi katikati ya harusi utasamehe, ila stori ya upelelezi inakwambia tangu mwanzo angalia kila kitu, angalia tope la kwenye kiatu, angalia saa ya ukutani, sasa wewe umetii, umeangalia, halafu uambiwe unakuza mambo?

Kwa nini ilitokea? Arthur Conan Doyle, mwandishi wa hivi vitabu, alikuwa daktari, kwa hiyo sio kwamba bega na mguu vilimchanganya. Kitabu kile cha kwanza aliuza haki zote kwa pauni 25 na hakuwa na sababu ya kudhani Watson atarudi tena. Agosti 1889 mhariri wa jarida moja la Marekani akamwalika chakula cha jioni hotelini London, akamwagiza kitabu kingine, Februari 1890 kikawa tayari kimechapwa. Mtu ameshawafunga watu wake kwenye sanduku, ghafla anaambiwa watoe, na hana daftari la kumkumbusha nani aliumia wapi.

Na hayakuishia hapo. Watson jina lake ni John, lakini kwenye hadithi moja ya 1891 mke wake anamwita James. Dorothy L. Sayers, naye mwandishi mkubwa wa upelelezi, alilitetea hilo vizuri mno, akasema jina la katikati la Watson linaanza na H, basi litakuwa Hamish, ambalo ndilo James kwa Waskoti, na mke alipenda kumwita kwa hilo. Mimi utetezi huu naupenda sana kwa sababu umetoka kwa mtu aliyesoma kwa mapenzi, haukatai kosa lipo, unalitafutia mahali pa kukaa. La bega na mguu nimesoma tetesi nyingi, risasi mbili, risasi moja iliyopita kote kote, hakuna iliyoniingia. Hapo mzee alisahau tu.

*SWALI: Mhariri, huyu Hercule Poirot ana miaka mingapi? Naona hazeeki. Msomaji, Uyole.*

Umeona sawa, hazeeki. Kitabu chake cha kwanza ni cha 1920, na humo tayari ni polisi mstaafu wa Ubelgiji, cha kufa kwake kimetoka 1975. Weka ustaafu kwenye hamsini na kitu uone unafika wapi, zaidi ya mia. Agatha Christie, mwandishi aliyemtunga huyu mpelelezi, mwenyewe alikiri kwamba alikosea kumwanzisha akiwa mzee. Hili halinisumbui, kwa sababu kesi zake kwa kawaida hazitegemei umri wake.

*SWALI: Shikamoo mhariri. Mimi kijana wa Makambako, naandika stori ya upelelezi kwenye grupu la WhatsApp, kila Jumatano na Jumamosi. Sehemu ya 4 mbwa wa mzee aliyeuawa alipewa sumu akafa. Sehemu ya 21 nikaandika mpelelezi anaingia uani usiku, mbwa akabweka. Nilisahau kabisa. Sasa wasomaji wanasema mbwa ndo ufunguo wa kesi, wengine wananicheka. Nifute?*

Marahaba mdogo wangu. Usifute, watu wameshasoma, na ukifuta utawafanya wale waliokuwa makini waonekane waongo. Hao wanaosema mbwa ndo ufunguo ndio wasomaji wako wa kweli, wamekuamini kwamba hukuandika kitu bure.

Una njia mbili. Kwanza kukiri, mstari mmoja tu juu ya sehemu ya 22, nilikosea mbwa alishakufa, unaendelea. Ya pili ni kuuliza hivi, kama mbwa yule kafa, uani kabweka mbwa wa nani? Mbwa mgeni kwenye ua wa marehemu maana yake kuna mtu analala humo. Ila usichukue njia hii mpaka umerudi sehemu ya 1 mpaka 20 na kalamu mkononi, kuhakikisha hakuna mahali uliposema nyumba ilifungwa na ufunguo anao mwenyekiti wa mtaa. Ukiziba tundu moja kwa kutoboa jingine watakuona.

Halafu nunua kaunta buku. Mimi yangu ya kusomea ina kurasa nne kwa kila mfululizo: mwili wa kila mtu, tarehe, safari na muda wake (Makambako mpaka Njombe ni kama kilomita 60, mtu wako asifike kwa dakika kumi), na ya mwisho, nani anajua nini na kajua lini. Hiyo ya mwisho ndo wengi wanaanguka. Huyo huyo Conan Doyle, hadithi ya 1893 Watson anaulizwa kama amewahi kumsikia Profesa Moriarty, yule adui mkubwa wa Holmes, anajibu hajawahi. Kitabu kilichoanza kutoka 1914 kinasimulia kesi ya kabla ya siku aliyojibu hivyo, na Watson humo anamjua vizuri tu. Bega likihama msomaji anakunja uso, lakini mtu akijua jambo kabla hajaambiwa, kwenye upelelezi huyo ndo anakuwa mshukiwa.

Sehemu ya 22 ukishaituma nitumie na mimi. Nataka kujua huyo mbwa ni wa nani.