Jumla ya 112: Maswali ya Wasomaji Kuhusu Madini ya Floridi

Barua tatu za mwezi huu zimetoka pwani ya kaskazini ya Kenya, na zote zinazunguka jambo moja: mtu atajuaje kwamba alichoshika ni madini mapya?

SWALI: Nimepitisha sumaku ya spika kuukuu kwenye mchanga mweusi wa Mambrui. Zimebaki chembe nzito za rangi ya asali. Nasikia kuna madini adimu yenye florini. Je, hizi zaweza kuwa madini ambayo hayajapata jina? — Msomaji, Mambrui

JIBU: Kwa mchanga wa ufuoni, uwezekano ni mdogo sana, na sababu kubwa ni ulaini. Floridi za madini adimu, yaani metali kama seriamu, lanthanamu na itriamu zikiungana na florini, zina ugumu wa 4 hadi 5 kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs, cha 1 hadi 10; kisu cha chuma kinazikwaruza. Mto unaomwaga maji yake hapo Sabaki umetoka bara, umepita Tsavo ukiitwa Galana, na kila chembe iliyofika kwenu imesagwa njia nzima. Kinachosalimika ni kile kigumu na kisichooza upesi: zikoni, rutili, ilmenaiti, ganeti, na mara nyingine monazaiti. Hii monazaiti ina metali hizo adimu kweli, ila ni fosfeti, si floridi. Ukiona rangi ya asali, ishuku hiyo kwanza.

Pima densiti, yaani chembe ni nzito mara ngapi kuliko maji ya ujazo uleule. Chagua kwa lenzi chembe zinazofanana, maana ukichanganya aina mbili utapata wastani usio wa yeyote. Sumaku nayo ivalishe mfuko wa plastiki ili magnetaiti idondoke ukiuvua. Chukua kichupa cha dawa chenye kifuniko kinachobana, ukijaze maji baridi hadi ukingoni, kisha ukipime kwa mizani ya sonara inayosoma hadi gramu 0.01. Tuseme ni gramu 39.20. Pima chembe kavu: gramu 5.00. Zitie chupani, jazia maji hadi pale pale, pima tena: 43.20. Sasa 39.20 + 5.00 − 43.20 = 1.00, huo ndio uzito wa maji yaliyopishwa. Gawanya 5.00 kwa 1.00, densiti ni 5.0. Kinachoharibu kipimo hiki ni mapovu ya hewa yanayojificha kati ya chembe na kuishusha densiti; tone moja la sabuni ya maji huyafukuza. Maji ya bahari yasitumike, ni mazito kuliko maji ya mvua.

Zikoni huwa karibu na 4.7, bastnesaiti (kaboneti ya seriamu yenye florini) 5.0, monazaiti mara nyingi 5.0 hadi 5.3. Fluoseraiti, floridi ya seriamu, hufika 6.1. Ukipata 6 na kisu kinakwaruza, hapo kuna haja ya maabara. Lakini usizimwagie asidi ya betri ili uone kitakachotokea. Asidi ya salfa ikikutana na floridi hutoa hidrojeni floridi, gesi inayounguza mapafu na kupenya ngozi.

Anayetaka floridi kwa dhati azitafute kwenye mwamba mama: granaiti zenye alkali nyingi, pegmataiti (mwamba wa fuwele kubwa) na kabonataiti (mwamba wa moto wenye kaboneti nyingi). Mchanga wa pwani ni mwisho wa safari.

SWALI: Chuo chetu kilipeleka jiwe kupimwa kwa maikroprobu ya elektroni, mashine inayolipiga jiwe kwa mwale wa elektroni na kusoma eksirei zinazotoka. Karatasi inasema, kwa asilimia ya uzito, oksidi ya seriamu 83.3, florini 28.9, jumla 112.2. Wenzangu wanasema mashine ni mbovu. — Mwanafunzi, Lamu

JIBU: Mashine ni nzima, hesabu ndiyo haijamalizika. Kwa desturi maabara huandika metali kama oksidi, yaani kila seriamu imepewa oksijeni yake kwenye karatasi. Katika floridi nafasi hiyo imekaliwa na florini, basi chumba kimoja kimelipiwa kodi mara mbili. Oksijeni hiyo ya kubuni huondolewa kwa kuzidisha florini kwa 0.421. Kwenu, 28.9 × 0.421 = 12.2, ukitoa kwenye 112.2 inabaki 100.0. Hiyo ni CeF3 (Ce ni seriamu, F ni florini) karibu kamili, nayo ni fluoseraiti-(Ce), inayojulikana tangu karne ya 19 kutoka eneo la Falun, Uswidi. Si mpya, ila mmepima vizuri.

Lingekuwa bastnesaiti, mngepata oksidi karibu 75 na florini 8.7, na baada ya kutoa oksijeni jumla ingekwama karibu na 80. Wengi hudhani hicho ni kipimo kibovu. Ile 20 iliyopotea ni dioksidi ya kaboni ya kaboneti, ambayo maikroprobu kwa kawaida haipimi.

Kabla ya kuitegemea hiyo 28.9, ulizeni ilipatikanaje, maana hapa ndipo wengi huangukia. Mstari wa eksirei wa florini, yaani nishati inayoitambulisha, uko kwenye kiloelektroni-volti 0.677, na seriamu ina mstari wake dhaifu karibu pale pale. Seriamu inajifanya florini, na kubadilisha fuwele ya kipimaji hakuwatenganishi. Dawa ni kupima florini kwenye fosfeti ya seriamu iliyotengenezwa maabara, isiyo na florini hata kidogo. Chochote kitakachosomeka ni cha seriamu. Kitolewe kwenye sampuli kwa uwiano wa seriamu iliyomo. Pia florini ipimwe mwanzo kabisa, kwa mwale uliotawanywa hadi maikromita 5 au 10 na mkondo mdogo, kama nanoampia 10. Mwale mkali ukikaa sehemu moja huisukuma florini, na namba hubadilika huku mnaangalia.

Mitego mingine miwili. Mstari wa pili wa lanthanamu hukaa juu ya mstari mkuu wa prasiodimiamu, kwa hiyo prasiodimiamu isomwe kwa mstari wake mwingine. Na kwenye kipimaji cha haraka kinachoonyesha vilima, itriamu huota kilima penye fosforasi; mtu huandika fosfeti ya itriamu kumbe mbele yake kuna floridi.

Kisha hesabuni atomi, si uzito. Tuseme jiwe jingine lina oksidi ya seriamu 30 na oksidi ya itriamu 25. Kwa macho seriamu inaongoza. Gawanya kila moja kwa uzito wa oksidi yake kwa atomi moja ya metali: 30 kwa 164.1 upate 0.183, na 25 kwa 112.9 upate 0.221: itriamu imeshinda, na ndiyo itakayoandikwa kwenye mabano ya jina.

Ushindi huo si wa jina tu. Atomi ya itriamu ni ndogo, na YF3, floridi ya itriamu, haijipangi kama CeF3. Fluoseraiti ina muundo wa trigonali (ulinganifu wa kugeuka mara tatu), na kisanduku cha atomi kinachojirudia ndani yake kina urefu wa takriban angstromu 7.13 na 7.29. Waimiraiti-(Y), ambayo ni hiyo YF3, iliyopatikana mgodi wa Pitinga nchini Brazili, ina muundo wa ortorombi (kisanduku cha pembe mraba chenye pande tatu zisizolingana). Ndiyo maana kemia peke yake haitoshi kudai madini mapya: inatakiwa eksirei ya fuwele moja, inayoonyesha jinsi atomi zilivyopangwa, na chembe ya milimita 0.05 yatosha ikiwa haijapasuka.

SWALI: Jiwe langu likithibitika kuwa ni madini mapya, naweza kuyaita jina langu? Na jiwe nalipelekaje ng'ambo kupimwa? — Msomaji, Malindi mjini

JIBU: Ukiwa mmoja wa waandishi wa maelezo yake, hapana. Wengine wanaweza kukuenzi, kwa ridhaa yako. Pendekezo huenda kwa tume ya madini mapya ya IMA, muungano wa kimataifa wa wataalamu wa madini, hupita kwa theluthi mbili ya kura, na jina halitangazwi kabla ya hapo. Baada ya kukubaliwa mna miaka miwili ya kuchapisha, na sampuli ya msingi lazima iwekwe kwenye makumbusho. Majina ya mahali hukubalika: magadiaiti na kenyaiti, zote za Ziwa Magadi, zilielezwa mwaka 1967. Tsavoraiti, kwa taarifa yako, ni jina la biashara la ganeti ya kijani, si spishi.

Kuhusu safari, Sheria ya Madini ya Kenya ya 2016 inadai kibali cha kusafirisha madini nje ya nchi. Anza na wizara ya madini, usilitie kwenye begi. Kama unashuku monazaiti, ina thoriamu, metali yenye mnururisho: iweke kwenye mkebe wenye kifuniko, mbali na chumba cha kulala, wala usiisage ikiwa kavu. Peleka nusu tu ya jiwe. Nusu nyingine ibaki kama ilivyookotwa, bila gundi wala kung'arishwa, pamoja na karatasi yenye tarehe na vipimo vya GPS vya mahali.