Jando Ujiji: babu anataka ngariba, mama anataka hospitali

SWALI: Dokta habari za kazi. Nipo Ujiji, nina vijana wawili, mmoja ana miaka 11 mwingine 15, nataka waingie jando shule zikifunga mwezi wa 6. Mzee wangu anataka ngariba alafu wakae kumbini shamba kama tulivyokaa sisi. Mke wangu hataki hata kusikia. Na mimi najiuliza, hospitali si wanakata tu mtoto anarudi nyumbani, mafunzo atayapata wapi? Na hiyo ganzi haimharibii nguvu za kiume?

JIBU: Salama kaka, mzee nifikishie shikamoo yangu. Jando lina kisu na lina mafunzo, na naona ugomvi wenu umetokana na kuvifunga pamoja. Kisu leteni hospitali. Mafunzo msituachie sisi, mtoto tunakaa naye muda mfupi tu, hatuwezi kumfundisha utu uzima.

Kwa ngariba siogopi mikono yake, wapo wenye mikono myepesi kweli, naogopa wembe mmoja kupita kwa watoto watano maana ukimwi na homa ya ini B vinahama hapohapo, naogopa damu isiyokatika usiku na gari hamna, alafu yale majivu. Niliwahi kumpokea mtoto siku ya nne kitambaa kimegandana na kidonda, majivu yamekauka kama udongo wa ukutani, tukawa tunalowesha kidogo kidogo na yeye kauma kola ya shati hatoi sauti kwasababu kaambiwa mwanaume halii. Majivu na samadi ndio njia ya pepopunda. Na kuwanyima maji ili wasikojoe acheni kabisa, kule Eastern Cape Afrika Kusini vijana wamekuwa wakifa msimu wa jando na kukaukiwa maji ni moja ya sababu.

Ganzi haigusi nguvu za kiume. Inachomwa kwenye shina la uume, inaisha baada ya masaa machache, ila dozi inaenda na uzito kwahiyo mtoto lazima apande mzani.

Huyu wa 15 hana shida, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2020 kwa tohara ya kujikinga na VVU unalenga kuanzia umri huo. Wa 11 anaweza kutahiriwa ila kwake muwe makini, uume bado mdogo na govi mara nyingine bado limeshikana na kichwa, sasa ile njia ya kulivuta govi mbele, kulibana na koleo na kukata inaweza kuondoka na nyama ya kichwa. Uliza kwa heshima kama watatumia njia ya kupasua govi upande wa juu kwanza. Mwambie dokta kama kwenye ukoo kuna mtu damu huwa haikatiki. Na tundu la mkojo liangaliwe, likiwa kwa chini badala ya kwenye ncha asitahiriwe kwanza, lile govi litahitajika kumrekebisha.

Bandeji inatolewa baada ya siku mbili, hospitali, mrudi tena siku ya 7. Uume ulale kuelekea tumboni, wavae kanga au msuli. Usiku uume ukisimama nyuzi zinavuta, watashtuka, waamke wakojoe wabadilishe ubavu. Damu ikilowesha bandeji, usaha, homa au mkojo kukataa, msisubiri asubuhi.

Sasa mafunzo. Kidonda kinachukua kama wiki 6 kukomaa vizuri, na hilo ndio kumbi lenu. Baada ya siku ya 7 kama kidonda kinaenda vizuri waende shamba na babu yao, chakula na maji vya kutosha, gari au boda iwe karibu. Awafundishe heshima, kazi, kumlinda dada yao. Na hili nalo aliseme yeye kwasababu watamsikiliza kuliko mimi: majaribio ya utafiti ya Kisumu (Kenya), Rakai (Uganda) na Orange Farm (Afrika Kusini) yalionyesha tohara inapunguza hatari ya mwanaume kuambukizwa VVU na mwanamke kwa kama asilimia 60, ile iliyobaki ipo palepale, kondomu haijastaafu.

Siku ya kutoa bandeji mje na mzee. Mwambie nimemwomba mimi, nataka akione kidonda kwa macho yake kabla hajawachukua.