Uliza mshahara wake unaenda wapi

Mhariri habari za kazi. Swali lenu la wiki hii, "Mtawa ni nani hasa, na je kila padre ni mtawa?", huku kwetu Mwanza ukiliuliza stendi ya Nyegezi utajibiwa mtawa ni sista, basi, padre ni padre. Siyo hivyo jamani. Mtawa ni mtu yeyote, awe mwanaume au mwanamke, aliyeingia shirika akaweka nadhiri tatu, ufukara, useja na utii, na anaishi na wenzake kwenye jumuiya. Upadre ni jambo jingine, ile ni daraja takatifu ya Kanisa, mtu anaweza kuwa navyo vyote viwili au kimoja, au asiwe na hata kimoja kama mimi hapa.

Sasa padre wa jimbo, hawa wengi tulionao parokiani, siyo mtawa. Yeye kabla ya upadrisho aliahidi useja na utii kwa askofu wake, ufukara hakuuwekea nadhiri, kwa hiyo akiwa na kashamba kake na ng'ombe kwao Magu msianze kumsengenya, ni vyake kihalali. Mtawa hawezi kujiendeshea mali hivyo. Mama yangu mdogo ni sista, ni nesi, na ndugu zetu mnawajua, mwisho wa mwezi ukikaribia tu simu haziishi, sista nirushie hata elfu hamsini, sista ada ya mtoto, wanadhani anazo ila anabana. Hana! Sheria ya Kanisa inasema wazi mtawa anachokipata kwa kazi yake ni cha shirika, mshahara ukiingia ni wa shirika, yeye hata viatu vikichanika anaenda kuomba kwa mkuu wa nyumba. Ndo maana kipimo changu mimi ni hicho, uliza hela yake inaenda wapi.

Na utawa huingii leo kesho ukaitwa sista. Kuna unovisi, yaani kipindi cha malezi kabla ya nadhiri, usiopungua miezi 12, halafu nadhiri za muda, hizo kwa kawaida ni kati ya miaka 3 na 6, ndo zije za daima. Kwa hiyo binti akirudi nyumbani nadhiri zake za muda zilipoisha hana laana yoyote, muda umeisha na hajaendelea, mwacheni apumue.

Wanaoonewa kuliko wote ni mabruda, watawa wanaume wasio mapadre. Mtu akimuona bruda yuko karakana anapiga randa anasema huyo seminari ilimshinda. Nani kakwambia? Bruda ni mtawa kamili, wito wake ndo huo, na Mtakatifu Fransisko wa Asizi mwenyewe hakuwahi kuwa padre, mbona Wafransisko, watawa wanaomfuata yeye, wamejaa dunia nzima. Ila sisi tukikutana na bruda baada ya misa ni "upadre lini?", kama vile shangazi anavyomuuliza binti ndoa lini, inakera.

Askofu naye anaweza kuwa mtawa. Askofu Mkuu Ruwa'ichi, aliyekuwa hapa kwetu mpaka alipopelekwa Dar es Salaam 2018, ni Mkapuchini, yaani mtawa wa tawi mojawapo la Wafransisko, na aliyekuja baada yake, Askofu Mkuu Nkwande, katokea upadre wa jimbo. Papa Fransisko alikuwa Mjesuiti, huyu wa sasa Leo wa 14 ni Mwagustino, yote mashirika ya watawa.

Kinachochanganya hata wazee wa Bukumbi ni Mapadre Weupe, wale waliofungua misheni pale 1883, kanzu nyeupe na rozari shingoni, ukiwaona unasema watawa hawa hapa. Kisheria siyo. Wamisionari wa Afrika, ndo jina lao lenyewe, shirika aliloanzisha Askofu Mkuu Lavigerie kule Algeria 1868, wanahesabiwa shirika la maisha ya kitume, wanaishi pamoja, wana mkuu wao wa kumtii, wana kiapo, ila zile nadhiri za kitawa hawaweki, hapo kipimo changu cha mshahara kinagoma kidogo nakubali. Mapadre na mabruda wa Maryknoll, shirika la wamisionari waliotoka Marekani wakafanya kazi sana upande wa Musoma nao ni hivyo hivyo. Masista wa Maryknoll ndo watawa.