Kompresa ya karakana ya uani: pima upepo kabla ya kulipa

Mtu akitaka kununua kompresa huuliza maswali mawili: ya lita ngapi, na ni HP ngapi? Ndiyo namba zilizoandikwa kwa herufi kubwa ubavuni mwa mtungi, na ndizo muuzaji anazoanza nazo. Ila namba itakayoamua kama utaelewana na mashine yako ni ya tatu, nayo huandikwa kwa herufi ndogo kwenye kibandiko cha mota au haipo kabisa: inatoa lita ngapi za upepo kwa dakika.

Mimi natengeneza makabati, vitanda na milango uani kwangu, Tabata, Dar es Salaam, kwa umeme wa kawaida wa nyumbani. Nitakayosema yanamhusu mtu wa aina hiyo. Mwenye gereji ya magari ana hesabu zake.

Anza na kifaa chenye kiu kuliko vyote ulivyo navyo au unavyotaka kuwa navyo. Bunduki ya misumari midogo, ile ya kubandikia plywood mgongoni mwa kabati, haili kitu. Kompresa ndogo ya lita 24 utapiga nayo misumari siku nzima, na muda mwingi mota itakuwa imezima. Kujaza tairi na kupuliza vumbi, hivyo hivyo. Mambo hubadilika ukishika gani ya rangi, yaani bunduki ya kupulizia rangi. Gani ya kawaida ya kikombe cha juu inakula kati ya lita 120 na 230 kwa dakika, na zile za HVLP, zinazopuliza upepo mwingi kwa presha ndogo, zinaweza kuvuka 300. Msasa wa upepo, ule wa duara, uko huko huko juu na hauachi kula hata sekunde moja ukiwa umeubonyeza. Kwa karakana ya nyumbani nasema wazi: msasa nunua wa umeme, usiifanye kompresa itumikie kitu ambacho mota ndogo ya wati 300 inakimaliza.

Ukikuta kifaa kimeandikwa CFM, hizo ni futi za ujazo kwa dakika. Zidisha kwa 28 upate lita. Psi na bar ni vipimo vya presha: psi 100 ni kama bar 7.

Sasa ngoja tuitazame hii mashine ambayo wengi hununua: HP 2, mtungi wa lita 50, kichwa, yaani sehemu yenye pistoni inayobana upepo, kimeungwa moja kwa moja na mota. Kibandiko kitasema lita 200 kwa dakika. Hizo ni lita ambazo pistoni inavuta, hesabu ya kwenye karatasi. Zinazofika mtunguni presha ikishapanda huwa 100 hadi 120 hivi. Funga gani inayokula 250, mtungi ukiwa umejaa bar 8. Zitapita sekunde ishirini na kitu, presha imeshuka hadi 6, mota imewaka. Dakika moja na ushee uko bar 4, na hapo rangi inaanza kutoka kwa matone badala ya ukungu. Mlango mmoja wa kabati umeisha vizuri. Kabati la nguo la milango minne litakusimamisha kila baada ya mlango, na kichwa kinachemka. Mtungi mkubwa hausaidii sana hapo, kwani nao ni kama simtanki: unachelewa kuishiwa, lakini bomba linalojaza likiwa jembamba utaishiwa tu, na ukishaishiwa utasubiri zaidi.

Ndiyo maana dukani siulizi sana, naomba iwashwe. Kuna siku pale Gerezani kijana wa duka aliniwekea mbele mashine nyekundu inayong'aa, akaniambia, "Fundi, hii HP 3, unapiga rangi gari zima hujapumzika." Nikamwambia, "Sawa kaka, niwashie niione inavyojaa." Unafunga koki zote, unaiacha ipande, unashika simu na kuhesabu sekunde kutoka bar 4 hadi bar 6. Kwa mtungi wa lita 50, kupanda bar 2 ni lita 100 za upepo. Ikitumia sekunde 50, inatoa lita 120 kwa dakika. Ile ya yule kijana ilichukua karibu dakika nzima, yaani lita mia moja na kidogo, HP 3 za kwenye stika tu. Hakubisha, alinivutia nyingine. Hesabu hiyo inafaa mtungi wowote: lita za mtungi mara bar zilizopanda, gawa kwa dakika. Muuzaji akikataa kuwasha, toka. Maduka ni mengi.

Ukishaijua namba ya kweli, linganisha na gani yako, na acha nafasi ili mota ipumzike angalau sawa na muda inaozunguka. Wengi hapa wanafikiri watanunua kompresa kubwa zaidi. Kwangu mimi kubadilisha gani ndiyo njia nafuu: zipo za LVLP, za upepo kidogo na presha ndogo, zinazokula lita 100 hadi 200 na zinafanya kazi safi ya vanishi na sanding sealer kwa nozo ya 1.3 au 1.4. Ukiwa na gani ya namna hiyo, mashine ya lita 150 za kweli inakutosha kwa fanicha.

Umeme. Nyumba nyingi zina fezi moja. Kompresa za mkanda, zenye mota upande mmoja na kichwa kikubwa upande wa pili, ndizo ninazozipenda: kichwa kinazunguka taratibu, kinapoa, kinadumu, na mkanda ukichakaa unanunua mwingine. Tatizo, nyingi kuanzia HP 3 huja na mota ya fezi tatu, na mtu anaigundua nyumbani wakati wa kufunga plagi. Soma kibandiko cha mota, si cha mtungi. Soma na volti. Mashine za mtumba kutoka Japani ni imara ajabu, lakini kwao umeme ni volti 100. Ukiichomeka kwenye 230 umeimaliza. Tena zile ndogo za maseremala wa huko, baadhi ya matundu yake ni ya presha kubwa mno, na viungio vyake haviingiliani na hivi vyetu.

Mota inapoanza huvuta umeme mara kadhaa ya ule inaoutumia ikishatulia. Kama mtaani kwenu umeme hushuka jioni, utaisikia inanguruma bila kuzunguka. Izime hapo hapo, vinginevyo utanunua kapasita, na ukiwa na bahati mbaya waya wa ndani. Usitumie ekstensheni nyembamba ya televisheni. Kama kazi iko mbali, refusha mpira wa upepo, acha waya wa umeme uwe mfupi na mnene, wa milimita 2.5. Mpira nao uwe wa tundu la milimita 8 au zaidi. Ile ya kujikunja kama springi inameza presha njiani. Kuhusu luku, HP 2 ikizunguka saa nzima bila kukata inakula yuniti moja na nusu hadi mbili. Si ya kutisha.

Kelele usiipuuze kama unaishi kwa kupanga au nyumba zimebanana. Zile za kuungwa moja kwa moja zinapiga kelele ya kumfukuza jirani. Za mkanda zina sauti nzito inayovumilika. Siku hizi kuna zisizotumia oili, zenye mota mbili au tatu ndogo, unaongea na simu pembeni yake. Kwa misumari na kazi ndogo ni nzuri, na upepo wake hauna mafuta ya kuharibu rangi. Ila ringi zake zikiisha hakuna oili ya kuzinusuru, na ukiibana kupiga rangi kutwa haikai.

Halafu maji. Hili halisemwi dukani, na kwa sisi wa Dar, Tanga, Mombasa au Zanzibar lina uzito kuliko HP. Hewa ya pwani imejaa unyevu. Ukiibana, unyevu unageuka maji na kutuama chini ya mtungi. Wakati wa masika fungua koki ya chini jioni uone: hutoka maji ya rangi ya maziwa, yamechanganyika na oili, na kama hujafungua muda mrefu yanatoka na kutu. Maji hayo yakifika kwenye gani, vanishi inakuwa na vishimo vidogo vidogo, na msasa hauvitoi, unarudia ubao wote. Ule ukungu mweupe unaotokea juu ya vanishi siku ya mvua ni jambo jingine. Unatokana na unyevu wa hewa yenyewe, na dawa yake ni kusubiri jua au kutumia thina inayokauka polepole. Vishimo dawa yake ni chujio la maji. Wengi hulifunga pale kwenye mtungi, mahali ambapo upepo bado wa moto na maji bado ni mvuke, yanapita tu. Lifunge mwisho wa mpira, karibu na gani, upepo ukishapoa. Na mtungi umwagwe kila siku ya kazi, ukiwa na presha kidogo ili usukume uchafu.

Kutu hiyo ndiyo inayonifanya niikwepe mitungi ya kuunga-unga. Utauziwa kichwa cha kompresa ya breki za lori kimefungwa juu ya mtungi wa gesi wa zamani, kazi ya welda mzuri, bei ya chini. Kichwa chenyewe hakina neno. Mtungi hujui umeliwa kiasi gani ndani, na mara nyingi valvu ya usalama haipo au imekazwa kwa bolti. Mtungi ukipasuka na bar 8 ndani, vipande vyake havichagui. Kama umeshanunua, ujaze maji hadi juu, mpe mwenye pampu ya mkono aupandishe presha hadi mara moja na nusu ya unayotumia. Ukivuja, yanamwagika maji tu. Na kwenye kompresa yoyote, mpya au kuukuu, vuta pete ya valvu ya usalama uhakikishe inapumua.

Mashine iwe nje ya chumba cha kupigia rangi. Swichi ya presha hutoa cheche kila inapowaka, na mvuke wa thina hauhitaji zaidi ya hapo.

Ya mkononi kabla hujatoa hela: uliza kama duka lina ringi, gasketi na bamba la valvu la kichwa hicho, wakuonyeshe, wasikwambie "zipo stoo". Sikiliza mota ikikata: lazima usikie "psss" fupi, maana yake upepo wa kwenye bomba umeachiwa na mota itaanza tena bila mzigo. Tazama kioo cha oili, kimiminika kiwe kwenye alama nyekundu, na ununue chupa ya oili ya kompresa namba 100 hapo hapo. Nyingine husafirishwa zikiwa kavu, na kijana wa duka anaweza asikumbuke kukwambia.